Twapakua Kila Siku, Twapakia Nini?

Leo naweka msimbo kando. Nataka tuongee juu ya jambo ambalo watengenezaji wa gemu wa hapa Mombasa, hasa wale wa mtu mmoja au wawili wanaojifungia usiku baada ya kazi ya mchana, hukwama nalo mapema kuliko hitilafu yoyote ya programu. Nasema juu ya picha na muziki.

Kuandika programu twajua. Vifaa ni vya bure. Injini ya Godot, kwa mfano, ni huria tangu 2014 na haimdai mtu senti. Taabu ni kwamba anayejua kuandika programu mara nyingi hajui kuchora, na anayejua kuchora hajui kupiga udi. Basi tunaingia kwenye intaneti kutafuta vya bure. Sioni ubaya wowote hapo. Maoni yangu ni mawili, na nayasema mapema ili asiye na wakati aende zake:

1. Kuchukua vya bure ni halali na ni busara, mradi umesoma leseni.
2. Kuchukua tu bila kutia kunatuumiza sisi wenyewe kuliko kunavyomuumiza mtu mwingine yeyote.

La kwanza wengi watakubali. La pili ndilo nataka tubishane.

MISONOBARI KIBOKONI

Tazama gemu za vijana wa pwani. Hadithi ni ya hapa na majina ni ya hapa. Mwanaisha anamtafuta nduguye, Kadzo anakimbiza mwizi. Lakini kwenye kioo Mwanaisha anatembea kwenye msitu wa misonobari, nyumba zina paa la mteremko wa kumwagia theluji, na ngome ni ya wafalme wa Ulaya ya kaskazini. Mvita ina theluji tangu lini?

Si uvivu. Ndivyo vilivyopo. Ukiingia kwenye mikusanyiko ya bure ukatafuta ngome, mapanga na mazimwi, utapata mpaka uchoke. Ukitafuta mlango wa kuchongwa wa Kiswahili, mkokoteni wa hamali, tuktuk, roshani ya mbao au baraza ya mawe, mara nyingi watoka mikono mitupu. Waliotia vitu vyao ndio wanaoonekana. Sisi hatukutia.

Na tunayo malighafi, jamani. Fort Jesus ilijengwa kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ina maburuji manne kwenye pembe, yaliyopangwa ili kila upande uweze kulindwa kwa mizinga kutoka pembeni, na ukiitazama kutoka juu umbo lake lafanana na mtu aliyelala chali. Mtu aliyewahi kupanga hatua za gemu ya kujihami anajua thamani ya ramani kama hiyo. Toka nje, ingia Ndia Kuu, kisha vichochoro vya Kibokoni. Njia ni nyembamba, zina kona usizoona mbele, roshani ziko juu ya kichwa, na mabaraza ya watu kukaa yako chini. Hiyo ni gemu ya kujificha na kunyemelea iliyokwisha kupangwa na mafundi wa zamani. Kinachokosekana ni mtu wa kuichora na kuiweka pale ambapo mtengenezaji yeyote ataichukua.

Kwenye muziki mambo ni ya kuchekesha zaidi. Mojawapo ya nyimbo mashuhuri kuliko zote katika historia ya gemu ni ya Kiswahili. "Baba Yetu" ilitungwa na Mmarekani Christopher Tin kwa ajili ya Civilization IV ya 2005, na mwaka 2011 ikawa wimbo wa kwanza wa gemu kushinda tuzo ya Grammy. Simlaumu hata kidogo, ni wimbo mzuri. Lakini unatuonyesha kwamba dunia haikatai lugha wala sauti za hapa. Tunajizuia wenyewe.

LESENI KWA LUGHA YA BARAZANI

Kabla ya kutia, tujue kuchukua. Leseni nyingi utakazokutana nazo ni za Creative Commons, zilizoanza kutolewa mwaka 2002. Kwa ufupi:

CC0: mwenyewe ameachilia kila haki anayoweza kuachilia. Chukua, kata, uza. Kumtaja ni adabu tu, si sharti.

CC BY: fanya utakalo, lakini mtaje mwenye kazi, itaje leseni, na useme kama umebadilisha kitu.

CC BY-SA: kama hiyo ya juu, na ukiigeuza kazi, kazi uliyoigeuza nayo uitoe kwa leseni hiyohiyo.

CC BY-NC: usiitumie kwa biashara. Hapa wengi huteleza. Gemu ya bure yenye matangazo ya kukuletea pesa usiihesabu kuwa si biashara. Ukiona NC na una nia ya kupata chochote siku moja, pita.

CC BY-ND: usigeuze. Kwa mtengenezaji wa gemu hii ni karibu na bure isiyo na faida, kwani kubadilisha rangi au kukata kipande ni kugeuza. Hata kuoanisha wimbo na picha za video huhesabiwa kuwa kugeuza, kwa hivyo usiutumie kwenye video ya kutangaza gemu yako.

Pia kuna kazi zinazoitwa "zisizo na mrabaha". Hizo si lazima ziwe za bure. Maana yake mara nyingi ni kwamba unalipa mara moja na hudaiwi tena kila unapotumia. Soma.

Pa kuanzia ni hapa. OpenGameArt ina picha na muziki wa gemu kwa leseni mbalimbali. Kenney wa Uholanzi hutoa maelfu ya picha kwa CC0, safi na zinazolingana. Freesound, iliyoanzishwa 2005 na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, ina zaidi ya sauti nusu milioni, lakini leseni hutofautiana sauti kwa sauti, kwa hivyo soma kila moja. Kwa muziki, Kevin MacLeod amewapa watu nyimbo nyingi sana kwa sharti la kutajwa tu.

Mama zetu walielewa mambo haya kabla yetu. Kanga ina pindo, ina mji wake katikati, na ina jina. Ukiangalia vizuri kanga za Kaderdina Hajee Essak, nyumba ya biashara ya hapa Mombasa tangu 1887, utaona maandishi madogo yasemayo "Mali ya Abdulla". Kanga yaenda Lamu, yaenda Unguja, yaenda Maskati, na maandishi hayo yako nayo popote. Basi faili yako ya shukrani ndiyo maandishi hayo. Ifungue siku ya kwanza ya mradi, si usiku wa kutoa gemu. Kwa kila kitu ulichochukua andika: jina la kazi, mwenyewe, leseni, anwani ya ukurasa, tarehe uliyochukua, na ulichobadilisha. Hifadhi na picha ya ukurasa wenyewe. Leseni za Creative Commons hazifutiki kwa aliyekwisha kupokea, lakini ukurasa ukiondolewa kesho, ni wewe utakayetakiwa kuonyesha ushahidi.

"NI YA ZAMANI" SI LESENI

Hili ndilo linaloniuma. Kijana anataka gemu yake iwe na ladha ya Mombasa. Anachukua kanda ya taarab ya babake, anakata sekunde arobaini, anaitia. Ukimuuliza anasema, "Ah, ni ya zamani hiyo, haina mwenyewe."

Ina wenyewe, na ni wengi. Chukua nyimbo za marehemu Juma Bhalo, aliyefariki 2014. Kuna sauti yake. Kuna maneno, na mashairi mengi aliyoimba ni ya jamaa yake Ahmad Nassir, mmoja wa washairi wakubwa wa mji huu. Kuna aliyerekodi na kutoa kanda. Na kuna tuni, kwa sababu taarab ya Kihindi, ambayo Bhalo alikuwa bingwa wake, ilipenda kuazima tuni za filamu za Bombay, na tuni hiyo ina mtungaji wake huko ng'ambo. Wimbo mmoja una milango minne, na kila mlango una ufunguo wake.

Sheria ya hakimiliki ya Kenya huilinda kazi ya muziki au ushairi maisha yote ya mtungaji na miaka 50 baada ya kufa kwake. Rekodi yenyewe hulindwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Piga hesabu. Rekodi ya 1972 ulinzi wake wa rekodi umekwisha mwisho wa 2022. Lakini maneno na tuni yana saa yake nyingine kabisa. Bwana Zein l'Abdin, fundi wa udi, alifariki 2016. Alichokitunga mwenyewe kinalindwa mpaka mwisho wa 2066. Wengi wetu tutakuwa wazee au hatupo.

Mfano wa upande wa pili ni Muyaka bin Haji. Alifariki karne ya 19, na mashairi yake ni mali ya umma bila shaka. Waweza kuyatia kwenye gemu kesho. Lakini maelezo na tafsiri katika kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha 1979 ni kazi ya Abdulaziz. Chukua shairi, acha maelezo.

Usidhani kwamba ngoma za jadi hazina mlinzi kwa kuwa hazina mtungaji anayejulikana. Tangu 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya kijadi na sanaa za kitamaduni, inayotaka ridhaa ya jamii husika kabla ya kuzitumia nje ya mila yake. Ukitaka ngoma ya Wadigo yenye chivoti na kayamba, nenda kwa Wadigo, ukae, useme unataka nini.

Na kuna jambo la heshima ambalo si la sheria peke yake. Mwaka 2008 Sony ilichelewesha gemu ya LittleBigPlanet dunia nzima kwa sababu wimbo mmoja ndani yake, wa Toumani Diabaté wa Mali, ulikuwa na maneno ya Qurani. Kampuni kubwa kama ile, yenye wakaguzi, haikuliona mpaka diski zimekwisha kutengenezwa. Sisi twaishi hapa, twasikia adhana mara tano kwa siku kutoka misikiti iliyo hatua chache mmoja na mwingine. Hatutakuwa na udhuru tukiitia kwenye gemu ya kupiga risasi.

Sasa kijana yule afanyeje? Amtafute mpiga udi aliye hai. Amlipe kwa saa moja. Wakubaliane kwa maandishi, hata ukurasa mmoja, kwamba kinachopigwa ni kipya, mpigaji ndiye mtungaji, na kitatolewa kwa CC BY kwa jina lake. Gemu ndogo haihitaji wimbo wa dakika nane. Dakika mbili zinazozunguka vizuri zatosha. (Hifadhi kwa OGG, si MP3, MP3 huongeza ukimya kidogo mwanzoni na mzunguko utasikika umekatika.)

"WAGENI WATATUIBIA"

Najua mtakalosema. Tukiweka milango yetu na sauti zetu bure, watakuja wenye pesa wachukue, watajirike, na sisi tubaki na kashata.

Hofu hii ina historia, siidharau. Miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kama alama yake ya biashara. Kikoi hicho hicho cha kujifunga kiunoni! Ilipingwa, na mwishowe ombi likaachwa. Lakini tazama vizuri tofauti. Pale mtu alitaka kufunga mlango ili wengine wasilitumie neno. Leseni huria haimpi mtu ufunguo wa kufunga. Ukitoa mlango wako kwa CC BY-SA, studio kubwa ikiuchukua na kuugeuza, lazima ikutaje na iutoe mlango iliougeuza kwa masharti yaleyale. Nawe unabaki na kazi iliyochapishwa hadharani, yenye jina na tarehe. Mchoro uliolala kwenye kompyuta yako hauna ushahidi wa aina hiyo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Mchoraji wetu atakula nini kama kila kitu ni bure? Hapa nasema wazi kwamba simtaki mtu yeyote amwendee mchoraji wa Mji wa Kale na kumwambia "nichoree bure, utajulikana". Kujulikana hakulipi kodi ya nyumba. Kanuni ninayoipendekeza ni hii: vitu vya kawaida viwe vya bure, roho ya gemu ilipiwe. Masanduku, mawe, mikoko, mlio wa kubonyeza, hivi tuvichange tuwe navyo sote. Sura ya Mwanaisha, wimbo mkuu na jalada mlipe mtu. Ukitumia vya bure kwenye yale mia moja madogo, hela kidogo uliyonayo itatosha kwa yale matatu makubwa. Vya bure, vikitumiwa hivi, humpa mchoraji kazi.

TUFANYE KAMA WALIVYOFANYA 2012

Mwaka 2012 Creative Commons, Free Software Foundation na OpenGameArt waliandaa shindano lililoitwa Liberated Pixel Cup. Kilichonivutia si zawadi, ni mpango. Kwanza waliandika mwongozo wa mtindo: vigae vya pikseli 32 kwa 32, mwanga unatoka wapi, rangi zipi, mhusika ana urefu gani. Kisha wachoraji wakachora kwa kufuata mwongozo huo, chini ya CC BY-SA na GPL. Baadaye watengenezaji programu wakatengeneza gemu kwa picha hizo. Kwa kuwa kila mtu alifuata mwongozo mmoja, nguo aliyochora mtu mmoja ilimkaa mhusika aliyechorwa na mwingine. Shindano lilikwisha, lakini watu wakaendelea kuongeza nywele, kofia na nguo kwa miaka mingi.

Tufanye seti ya Mvita. Mahali pa kukutana si tatizo. Swahilipot Hub, tangu 2016, imewaweka watu wa teknolojia na watu wa sanaa pamoja, hatua chache kutoka Ngomeni. Orodha ya kuanzia, kwa maoni yangu:

- Milango: wa kuchongwa wenye maua, wa kuchongwa wenye misumari, na wa kawaida uliochakaa.
- Kuta za matumbawe, zilizopakwa chokaa na zilizobambuka.
- Roshani, mabaraza, na ngazi za kushukia baharini.
- Mkokoteni, tuktuk, mashua, mtumbwi, ngalawa.
- Miti: mkoko, mnazi, mbuyu, mwarobaini.
- Nguo za mhusika: kanzu na kofia, buibui, kanga, kikoi, leso ya Kigiriama.
- Chakula cha kuongeza nguvu: viazi karai, mahamri, mabuyu, kahawa. (Chupa nyekundu ya dawa tumeichoka.)
- Sauti: vikombe vya muuza kahawa vikigonganishwa, hamali akipiga kelele apishwe, mawimbi ukutani, honi ya feri ya Likoni, kunguru alfajiri.

Simu ya kawaida yatosha kuanzia. Kwa sauti, rekodi bila kubana faili, simama kimya sekunde kumi kabla na baada, na uandike mahali na saa. Kwa picha za kuchorea, pigia mlango asubuhi kabla jua halijawa kali, ukiwa umeukabili sawasawa. Na piga hodi. Mlango unaonekana kutoka njiani, kweli, lakini nyumba ina wenyewe na ndani mna watu. Ukieleza unachofanya, mara nyingi utakaribishwa na kahawa juu yake. Ndani ya Fort Jesus ni makumbusho. Uliza utaratibu wao kwanza.

Kila faili ipe jina la Kiswahili na la Kiingereza pia, ili mtu wa Manila au São Paulo aweze kuipata. Andika leseni ndani ya folda yenyewe, si kwenye ukurasa tu, maana folda husafiri na ukurasa hubaki.

Nasisitiza kwamba huu si msaada kwa dunia. Ni kujisaidia. Kijana wa miaka kumi na minne wa Majengo atakayefungua injini ya gemu mwaka ujao atatafuta "nyumba" na atachukua ya kwanza atakayoiona. Hana wakati wa kuchora, na hatajiuliza kwa nini ina paa la theluji. Atakachokikuta hapo kinategemea sisi tulio na ujuzi sasa.

Haya. Wiki hii kila mmoja atie kitu kimoja. Mlango mmoja, au mlio mmoja wa kikombe. Uwe na jina lako, leseni yake na tarehe. Wiki ijayo kingine.

Kazi kwenu.